Karatasi Isiyochanika

Dada yangu tumezoea kumwita Karani, ingawa hajawahi kufanya kazi katika ofisi yoyote. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, mkabala na zahanati. Ndani mna kompyuta moja, printa yenye kikohozi, na ile mashine ya moto inayofunika karatasi kwa plastiki. Ukimpelekea barua ya kuomba kazi, anakutengenezea mpaka wewe mwenyewe unaanza kujiheshimu. Karatasi iliyokaa upande inamkera kweli kweli, ataichapa upya hata hujamwomba.

Ugonjwa huo kaurithi kwa mama. Mama alifagia shule miaka mingi, akaona kwamba karatasi za maana hufunikwa plastiki na za ovyo huenda jalalani. Kwa hiyo kwetu vyeti vya kuzaliwa, ratiba ya mazishi ya baba, hata kadi ya zahanati ya mama mwenyewe, vyote vimevaa plastiki na viko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kitu kikishaingia sandukuni ni kweli, na mjadala umefungwa.

Basi ukaja ule ujumbe wa simu. Ulisema vidonge vya presha vinakausha figo, madaktari wanajua na wamenyamaza, na dawa ni kuviacha na kunywa maji ya majani fulani siku ishirini na moja. Kila simu ilikuwa nao. Hata mimi niliupata, nikausoma nusu, nikautuma kwa watu saba, kisha nikaenda kuanua nguo. Usiniulize kwa nini. Uliandikwa tuma kwa unaowapenda, na mimi nina watu ninaowapenda.

Jirani yetu, mama mtu mzima anayependa kuwa wa kwanza kujua, akaupeleka kwa Karani. Alitaka uchapwe kwa herufi kubwa kwa ajili ya wazee wasio na simu. Karani akamuuliza kama una ukweli. Jirani akajibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapo dada yangu alipaswa kumrudishia simu yake. Lakini ujumbe ulikuwa umeandikwa hovyo hovyo, maneno yamebanana, na yeye hawezi kuona fujo akaiacha. Akaupanga. Akauwekea kichwa cha habari, maua pembezoni, yale anayowawekea wanaohitimu, na picha ya daktari juu. Kisha akatoa nakala kumi na zote akazifunika plastiki. Mpaka leo nikimuuliza alikuwa anafikiri nini, ananijibu kwamba alikuwa anafikiria yale maua yakae sawa.

Wiki tatu baadaye mama alianguka mlangoni, ndoo mkononi. Tulimpeleka zahanati tumemshika huku na huku. Nesi akampima, akatazama kipimo, akampima tena mkono wa pili, kisha akauliza kwa upole kama vidonge anameza. Kabla mama hajafungua kinywa tukamjibia sisi, wajuaji, kwamba anameza kila asubuhi. Nesi akasema basi haelewi, maana presha ile ni ya mtu asiyemeza kitu, na asipoanza leo mshipa wa kichwani unaweza kupasuka wakati wowote.

Ndipo mama akafungua mkoba, akatoa karatasi. Maua pembezoni, daktari juu, plastiki inang'aa. Nesi aliisoma, akamweleza polepole kwamba ni uongo, kwamba presha ndiyo inayoharibu figo na vidonge ndivyo vinavyozilinda. Mama akamsikiliza kwa adabu ile ile anayowasikilizia wauza vitu mlangoni. Nikamtazama Karani, naye anayatazama yale maua.

"Mama," alisema, "hii nimeichapa mimi."

"Najua. Jirani aliniambia. Kwani ningeamini ya nani kama si ya mwanangu?"

Karani akainyakua, akajaribu kuichana. Haikuchanika. Akaivuta, akaikunja, akaitia meno kabisa, na plastiki ikapinda tu na kurudi. Kazi yake ni nzuri, jamani, anatumia plastiki nene. Nilitaka kucheka na nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nikawakumbuka watu wangu saba. Nikafyata mkia.

Mama akamwacha ahangaike mpaka akachoka, machozi yanamtoka. Nesi alikuwa ameshamimina maji kikombeni na kumwekea mama kidonge kiganjani.

"Sasa nieleze," mama alisema, "niamini ulichoandika au unachosema? Ulipoandika, ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

"Na leo?"

Karani alimgeukia nesi, akanigeukia mimi, akarudi kwa nesi. Akasema leo amemsikia nesi, na ameona kwa macho yake presha ikipimwa mara mbili na mara zote iko juu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye hajui tena anajua nini. Mama akakigeuza kidonge kwa kidole, akakitazama upande huu na upande ule.

"Nameza," alisema. "Lakini msidhani nimeelewa. Nameza kwa sababu unalia."

Akameza, akanywa maji yote. Halafu akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi mikononi mwa Karani, akaifuta mate kwa kanga yake na kuirudisha mkobani.