Koo la Fundi Jicho

Mtu akishaitwa kichaa, hata akipiga chafya watasema kimempanda. Nina hasira mimi, na asije mtu hapa kuniambia nitulie.

Mume wangu ni fundi cherehani. Wanamwita Fundi Jicho kwa sababu hashiki futi. Anakutazama mara moja tu, na suruali inakukaa. Kuna miaka sauti za kichwani zilimnyang'anya hata hiyo cherehani. Dawa chungu nzima zikajaribiwa, ikafaa moja. Nayo ina balaa lake: inaweza kumaliza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Ndiyo maana kila mwezi anatolewa damu kwanza, ikipimwa ikaonekana salama ndipo anapewa vidonge. Tuliambiwa wote, mama mkwe akiwepo: akipata homa, au koo likimuuma, mbio hospitali.

Nikasafiri kumuuguza dada yangu. Huku nyuma mume wangu akamwambia mama yake, "Mama, koo linauma, vidonge havipiti."

Mama mkwe akaona ni zile hila za zamani za kukwepa dawa. Akavisaga, akavikorogea kwenye chai, asubuhi na jioni. Mgonjwa akilalamika, shemeji yangu anacheka, "Kaanza tena huyo!"

Niliporudi nilimkuta anatetemeka, mwili unachoma. Nikamkokota hadi hospitali, mama mkwe nyuma yetu. Mhudumu wa dirishani hata macho hakuinua.

"Wagonjwa wa akili siku yao Alhamisi."

"Homa nayo inangoja Alhamisi? Huna haya wewe!" Nilipayuka mpaka daktari akatoka mwenyewe.

Damu ikatolewa. Majibu yalipokuja, daktari alikuwa amenywea: chembe nyeupe karibu zote zimekwisha. Analazwa sasa hivi, na ile dawa haigusi tena. Ile ile moja iliyofaa!

Mama mkwe akaangua kilio. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani ugonjwa umerudi."

Mimi nikamgeukia mume wangu, nikamfuta jasho.

Fundi Jicho akamtazama mama yake, mara moja tu, kama anavyotazama wateja wake.

"Ulikuwa haujarudi, mama," akasema, sauti inakwaruza. "Sasa ndiyo utarudi."