Mafuta ya Mawese Ndani ya Viatu Vyangu

Mguu wangu wa kushoto ni bapa. Utotoni, kule Mutakura, mtaa wa Bujumbura, nilikimbia nao hivyohivyo, nikichechemea na kuchekwa. Baadaye nilikwenda Ulaya, nikaosha sahani za watu usiku na kusoma mchana mpaka nikapata diploma ya uhandisi wa maji. Mshahara wangu wa kwanza wa maana niliupeleka kwa daktari wa miguu. Akanitengenezea soli ya ndani ya kiatu, ya ngozi na sponji ngumu, kwa kipimo cha unyayo wangu. Bila soli hiyo nakimbia kidogo tu, kisha kifundo kinawaka moto. Nikiwa nayo, sijaona Bujumbura mtu wa umri wangu wa kunishinda. Sijisifu bure. Nilirudi kwa hiari yangu, nyumba nimeijenga bila kusaidiwa na mtu, na kiangazi kizima nilikimbia barabara ya Gatumba alfajiri, wakati wenzangu wa klabu ya mbio wakijikusanya njiani kupiga makofi na kuimba.

Nilichokuwa nakitaka ni marathoni ya Gitega. Nzima, si nusu. Nilikuwa nimewatangazia watu wote kazini kwamba nitaimaliza, na waliotabasamu niliwakumbuka kwa sura.

Siku moja kabla ya mbio, kaka wa mke wangu alikuja kunichukua na gari lake la kubebea abiria. Mimi na yeye tunaitana muramu. Nilitaka kulala hotelini, mke wangu akakataa. Mkwe kulala hoteli katika mji wa mama mkwe wake, alisema, ni sawa na kumtukana mbele ya majirani. Na huwezi kwenda ukweni mikono mitupu. Basi muramu alikuwa amepakia gunia la ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwani, na bidoni la mafuta ya mawese kutoka Rumonge, limejazwa mpaka mdomoni. Mfuniko wenyewe ulikuwa umepasuka, naye alikuwa amekunja kipande cha mfuko wa plastiki na kukikandamiza chini yake. Hapa kila mtu anafunga hivyo. Nimeona hata watu wenye ofisi wakifunga hivyo.

"Hiyo itamwagika mlimani," nilimwambia.

"Muramu, we ulisoma maji. Hii ni mafuta."

Akaliweka bidoni juu ya begi langu, akafunga buti.

Gari lilinuka samaki, petroli na jasho la abiria wa wiki nzima. Viti vilikuwa na utelezi fulani ambao sikutaka kujua ulitokana na nini. Muramu aliendesha huku akila mahindi ya kuchoma na kutema maganda dirishani, na upepo ukayarudisha kwangu. Kona baada ya kona tulipanda, mimi nikishikilia mlango.

Bugarama, kituo cha juu mlimani, kuna baridi, na wauza karoti wanakuingizia mikono dirishani mpaka kifuani. Muramu akataka kabichi za mama yake. Alipofungua buti, nikaona. Plastiki ilikuwa imechomoka. Mafuta mekundu yalikuwa yameshuka kwenye begi, yamepita kwenye zipu iliyoachia, yamejaa ndani ya viatu vyangu kama mchuzi ndani ya bakuli. Ndagala kadhaa waliochomoka guniani walikuwa wakielea humo. Nilichomoa soli kwa vidole viwili. Ilidondosha mafuta kama kitambaa cha kusugulia kikaango.

Muramu alibandua jani la kabichi, akapangusa kiatu kimoja.

"Itakauka."

"Mafuta hayakauki."

"Basi itaganda."

Yaliganda kweli. Mawese ya Bujumbura yanatiririka kwa sababu ya joto letu. Kule juu yanakuwa mazito na kushika. Tulipofika Gitega, utando wa rangi ya chungwa ulikuwa umeanza kushika ndani ya viatu. Nilihitaji maji ya moto, na niliyahitaji papo hapo.

Lakini mkwe haombi maji ya moto. Mkwe anakaa sebuleni, analetewa. Jikoni kwa mama mkwe hakanyagi, na zawadi aliyokuja nayo haisemi vibaya. Kwa hiyo nilikaa, viatu viko chini ya kiti ndani ya mfuko. Muramu akasimama kukabidhi bidoni lililobaki nusu, akatoa hotuba ndefu kuhusu upendo wa mtoto kwa mzazi. Mjomba wao, mzee mwenye pua inayochuruzika, akajibu kwa hotuba ndefu zaidi. Kisha chungu cha pombe ya mtama kikaletwa. Mjomba akavuta kwa mrija, akaupangusa mrija kwa kiganja kilekile alichopangusia pua, akaninyooshea. Niligusisha midomo. Mpaka leo nikikumbuka natema mate.

Hotuba ya tatu ilipoanza, nilichukua mfuko wangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama mkwe, mabukwe kama tunavyosema, alikuwa ameinama kwenye mbabula yake, jiko la makaa. Aliponiona alivuta kitenge akafunika mabega.

"Mukwe, umepotea? Choo iko upande ule."

"Natafuta maji ya moto, mama."

"Apana. Rudi salo, utaletewa."

"Ni ya kuosha viatu. Mafuta yamemwagika ndani, na kesho nakimbia."

Alikitazama kiatu nilichokitoa kwenye mfuko, si mimi.

"Mafuta yangu?"

"Ndiyo."

"Kumbe. Na yule ameongea maneno yote yale juu ya bidoni nusu." Akaweka birika chini kati yetu, kwa kuwa kwa desturi mkononi hawezi kunipa, akanigeuzia mgongo.

Nilichuchumaa, nikasugua kwa sabuni ya unga na majivu. Maji yalitoka mekundu, kisha ya chungwa, na harufu haikutoka kabisa. Kutoka sebuleni nilimsikia muramu, ambaye alikuwa amenichungulia.

"Njoo muone diploma inafua! Mutu ametoka Bulaya, amefika mpaka kwa vyungu vya mabukwe."

Walicheka sana. Niliendelea kusugua. Soli niliikamua, nikaiegesha mbali kidogo na makaa, nikakaa hapohapo nikiilinda. Hakuna aliyenialika ndani tena, na sikutaka.

Asubuhi soli ilikuwa bado na unyevu. Nilikimbia mguu ukiteleza ndani ya kiatu kila hatua, na kila kilipopata joto, kiatu kilitoa harufu ya samaki. Kwenye vilima vya mwisho ngozi ya kisigino ilikuwa imechunika yote. Walinipita watu ambao Gatumba wasingeniona hata kivuli, mmoja wao amevaa kandambili za plastiki. Nilimaliza. Muramu alinikumbatia kwenye mstari, ananuka pombe ya jana, akaniuliza kama nimepata medali ya kumpelekea mama. Nilimwambia medali ni yangu, anipeleke hotelini.