Nilivyoyaponda Maganda ya Risasi ya Tonton

“Weye unaulizaka kila kintu. Sasa hii, juu ya nini haukuniuliza?”

Tonton aliniuliza hivyo katika chumba cha chini ya nyumba yake, hapa Jette, mjini Bruxelles, kiganja chake kimejaa vipande vya shaba vilivyopondeka. Mimi, mwenye maneno kuliko redio, niliangalia viatu vyangu.

Nilikosea, wapendwa. Nilikosea nikiwa na akili zangu timamu, tena huku nikijisifu!

Tonton ni mjomba wangu, mdogo wake mama, na ninakaa kwake tangu nianze masomo ya uzamili. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Ana mikono ya sonara, na majivuno yake hayaenei kwenye tramu moja. Jumamosi huenda kwenye klabu ya kulenga shabaha. Vibali anavyo vyote, na amenionyesha hata pale nisipoomba.

Miaka kadhaa iliyopita alinunua bunduki ya zamani ya kuwindia, ya aina ileile aliyotembea nayo babu yangu porini kule Katanga alipokuwa kijana. Katika familia yetu, Kambo (ndivyo tunavyomwita babu) ni simba. Kila harusi lazima asimame mtu asimulie jinsi nyati walivyokuwa wakianguka mbele yake.

Tatizo ni kwamba risasi za bunduki ile viwanda viliacha kuzitengeneza zamani sana. Kwa hiyo Tonton huzitengeneza mwenyewe. Hununua maganda matupu ya risasi za bunduki nyingine, hulainisha shaba kwa moto, huyasukuma kwenye kalibu mpaka yapate umbo jipya, hukata, hupima, na lenye ufa hulitupa. Kipindi chote cha baridi alikuwa chini kule akipiga miluzi.

Na safari hii alikuwa na sababu. Kambo alikuja kutoka Likasi kupasuliwa jicho. Jumamosi klabu ilikuwa na siku ya bunduki za kale, wageni wangeruhusiwa kupiga wakisimamiwa. Jumatatu Kambo alikuwa anapanda ndege. Tonton alitaka kitu kimoja tu: baba yake aipige tena bunduki ile.

Mimi sikuziamini risasi zake. Mimi siamini kitu mpaka nione chanzo.

“Tonton, nani amethibitisha kwamba hizi ni salama?”

“Mi njo nimehakikisha.”

“Ushahidi uko wapi?”

“Ushahidi? Hesabu vidole vyangu! Biko vyote?”

Ijumaa Tonton alikuwa kazini na Kambo anasinzia mbele ya televisheni. Nilishuka kutoa nguo kwenye mashine. Pale mezani palikuwa na sanduku la maganda yaliyokamilika, yanang’aa kama hereni, yakisubiri baruti jioni ile. Nikaokota moja. Nikasoma chapa iliyogongwa chini yake.

Jamani! Jina lile silo lililoandikwa kwenye mtutu wa bunduki!

Nikaokota jingine, lilelile. Yote yalikuwa hivyo. Nikatoa simu, nikatafuta. Kila nilipofungua nilikuta onyo: usiweke kamwe kwenye bunduki risasi ambayo jina lake halilingani. Niliona bunduki ikipasuka usoni pa babu yangu, na jicho jipya lile!

Ningempigia Tonton? Angebishana saa nzima halafu anishinde kwa sauti. Basi nikachukua koleo lake mwenyewe, nikaponda midomo ya maganda yale, moja baada ya jingine, ili mtu yeyote asiweze kuyatumia. Mungu anisamehe, nilikuwa ninaimba!

Tonton aliporudi nilimtangazia kama mtu anayetetea tasnifu. “Nimeokoa maisha ya Kambo,” nikasema.

Alishuka ngazi akikimbia. Hapo ndipo aliponiuliza swali lile, kisha akaketi juu ya ndoo.

“Chapa haibadilikake, ma fille, mutoto yangu. Tunabadirisha mwili, chini inabakia na jina ya kwanza. Weye, carte d’identité yako inasema unazaliwa wapi?”

“Likasi.”

“Na uko unaishi wapi?”

“Bruxelles.”

“Bon! Sasa nichukue koleo?”

Ningetamani alichukue kweli. Kambo aliamka, akasimama juu ya ngazi ameshika ukuta. “Kuko nini huko?”

“Papa, mujukuu yako ameua risasi zote mbele hazijazaliwa!”

Maganda mengine hayakuwepo. Kuagiza na kuyatengeneza upya kungechukua wiki nyingi, na Jumatatu haikuwa na wiki nyingi ndani yake.

Jumamosi tulikwenda hivyohivyo. Tonton alizunguka kwa kila mwanachama akiuliza, kofia mkononi, yeye na majivuno yake yote. Hakuna aliyekuwa na risasi ya kuiingia bunduki ile. Mwishowe msimamizi aliikagua kuwa ni tupu, akamwachia Kambo aishike. Mzee aliiweka begani, akafumba jicho moja, akalenga kwa muda mrefu sana. Kisha akasema kwa mdomo: “Puu!”

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi nilicheka! Nikapiga picha. Tonton peke yake hakucheka. Mpaka leo ananiita Madame Sécurité, hata mbele ya wageni, hata kanisani.

Kambo akarudi Likasi. Sasa daktari amemkataza safari ndefu, na bunduki ile haiwezi kumfuata huko. Nimekwisha kuomba msamaha hadi Tonton amechoka kunisamehe.

Ninyi mnaosoma, mnaohoji kila mtu mezani mpaka chakula kinapoa, nisikilizeni. Kosa langu halikuwa kutia shaka. Kosa ni kwamba nilimtilia shaka kila mtu ila mimi mwenyewe. Kabla hujashika koleo, piga simu! Ubishane saa nzima, ushindwe, ununiwe, yote hayo ni nafuu.

Miezi mingi baadaye niliongea na Kambo kwa video, nikamwuliza nyati wake wa kwanza alimwangusha wapi. Akacheka, akaniomba nisimwambie Tonton. Bunduki ile ya ujana wake ilikuwa ya wazungu wawindaji. Yeye aliibeba, aliisafisha, alilala kando yake miaka yote ile, na hawakumruhusu kupiga hata risasi moja.