Akiba ya Chuma Bwawani

Picha ya harusi yangu ipo ukutani, na mdomo nimeufumba. Mpiga picha alinibembeleza nicheke, nikakataa. Sisi tuliokunywa maji ya mlima huu tangu utoto meno yetu ni ya kahawia, na mtu wa kwingine akikuona anadhani ni uchafu. Mama hakukubali kwamba ni maji. Jumapili kabla ya ibada alitukamata mmoja mmoja, akatusugua kwa majivu ya jikoni mpaka fizi zinawaka. Meno yakabaki vilevile, naye hakuacha. Kwake majivu yalikuwa dawa ya kila kitu: mbegu za maharage zisitobolewe, kuku waachane na viroboto, siafu wasivuke mlango. Shule sikukaa sana, hivyo hakuna aliyenitoa kwenye imani hiyo. Nimezeeka nayo.

Basi nikachimba bwawa la perege. Nililichimba pale kwenye kahawa ya marehemu baba, na huku kwetu Meru kung'oa kahawa ya baba yako si jambo la kuchekelea. Wanangu wanaoishi mjini, Elerai, walisema mzee ameharibikiwa. Nikawaambia subirini samaki. Kwa hiyo bwawa lile likifa, nimeng'oa kahawa bure, na nitaambiwa mpaka kaburini.

Maji yalikuwa ya kijani, safi kabisa kwa perege, maana kile kijani ndicho wanachokula. Mimi nikaogopa magonjwa. Nikamwaga majivu, ndoo baada ya ndoo. Kwanza kijani kilibaki, nikajisifu. Halafu kikaanza kupauka, maji yakawa na rangi ya jani la mgomba uliokosa mvua, na samaki wakakonda.

Mke wangu alikuja akasimama ukingoni, mikono kiunoni. "Mzee, hao unawafuga au unawachemshia magadi?"

Niliitazama ndoo yangu. Magadi ya kulainishia maharage tunayachuja kwenye majivu hayohayo.

Wiki hizo alipita kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba mjini, Lemara. Alikuwa anazunguka mlimani na vichupa, anachota maji ya kijani. Akanisalimu, "Shikamoo babu," nikamwitikia marahaba, nikamwambia hapa umechelewa, kijani kimekwenda. Akachuchumaa, akatumbukiza majini kikaratasi cha kupimia magadi, kikabadilika rangi. "Babu, umeweka nini humu?"

Nikamwambia. Hakunicheka, namshukuru mpaka leo. Alikaa juu ya ndoo yangu akanieleza kwamba kile kijani ni mwani, vimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, na ndani ya kila kimoja kuna kijumba cha kijani kinachopikia chakula kwa jua. Wanakiita kloroplasti. Upishi huo unataka chuma.

"Chuma kama cha jembe?" nikauliza.

"Hichohicho babu, ila kiasi cha kutoonekana. Kikizidi hawakiachi kizurure, maana chuma kikizurura penye jua kinaunguza nyumba. Wanakifungia humohumo kijumbani, kwenye vyungu vidogo vidogo, wanatoa kwa kipimo."

"Kama mwanamke na dari lake la mahindi," mke wangu akasema. Huku kwetu mume hapandi darini hata akiwa na njaa.

"Ndivyo, bibi. Na kikipungua, wanavunja baadhi ya vyombo vya upishi, chuma chake wanakihamishia pale panapokihitaji zaidi. Ndiyo maana wanapauka. Chuma kipo bwawani, ila majivu yamekigandisha, hawawezi kukimeza. Kile kijani cha mwanzo, babu, walikuwa wanakula akiba."

Nilijisikia mzito. Viumbe vile vilikuwa vinajibana kwa ajili ya ndoo zangu, na mimi najisifu.

Akasema niache majivu, nifungulie maji ya mfereji zamu yangu ikifika, na niloweke samadi iliyooza kwenye gunia, itasaidia chuma kubaki kinamezeka. Nikafanya. Kila alipopita kuchota alitazama, akaniambia vumilia babu. Mke wangu alianza kumpikia.

Asubuhi moja kijana alichota maji kwenye glasi, akaiinua juani. Kijani kilikuwa kimerudi, chepesi kama mchicha mchanga, na perege walikuwa wanadonoa juu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, halafu nikamshukuru yeye, akaona aibu.

"Mtori uko tayari," mke wangu akaita. "Leo una nyama, usinikimbie."

"Nakuja bibi. Ngoja nifikishe vichupa barabarani, gari livipeleke chuoni, visipate joto."

Akapita kati ya migomba, begi begani. Mtori ukapoa. Hajarudi tena mpaka leo, na hatujui kilichomzuia.