Yowe Lisilopokewa

Mwaka 2011, mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, nilikaa mbele ya nyumba yetu katika bonde la Momba nikisukasuka maziwa ndani ya kibuyu. Ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Oktoba. Wakati ule sikujua kusoma. Tarehe hiyo niliitafuta baadaye, nikiwa darasa la watu wazima, na tangu hapo sijaipoteza.

Mume wangu, Masanja, alikuwa mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa wafugaji wa bonde lile. Cheo hicho hakukirithi. Alichaguliwa kwa sababu, mwaka tuliohamia, aliwafuata wezi wa ng'ombe kwa miguu siku nne akarudi na kundi lote isipokuwa ndama mmoja, na kwa ndama huyo aliomba radhi. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: asikiaye yowe lazima atoke. Asiyetoka hutengwa, hapewi moto, hateki maji kisimani, hazikwi na watu. Shemeji yangu Jilala alitengwa miezi mitatu kwa kuchelewa akimalizia ugali. Aliyetamka hukumu hiyo ni Masanja, kaka yake wa tumbo moja.

Tulikuwa tukipigania njia ya kupeleka ng'ombe mtoni. Wakulima walikuwa wamelima hadi ukingoni. Ng'ombe wetu walikatwa mishipa ya miguu, wakaachwa hai juani. Mwezi Septemba Masanja akajibu: aliwaongoza wanaume wakachoma maghala ya mahindi ng'ambo ya mto. Ndani ya ghala moja alikuwamo mzee aliyekuwa akilinda mavuno yake. Masanja aliletewa habari hiyo akiwa anakunywa maziwa. Aliyamaliza.

Siku ile ya Oktoba, saa sita mchana, yowe lililia upande wa mto. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

Wanaume walishika pinde na fimbo. Mimi niliweka kibuyu chini, kwa maana jambo moja halikunikalia sawa. Yowe la kwetu hupokewa: mama wa boma la kwanza akilipiga, wa pili hulichukua, hadi lifike kwetu. Hilo halikupokewa na mtu. Tena maboma ya upande ule yote yalikuwa yamehama tangu Agosti kufuata malisho.

"Baba Kulwa," nilimwambia Masanja, "huko hakuna boma. Anayelia ni nani?"

Jilala alicheka. "Shemeji, leo unataka mtemi naye atengwe? Usiogope, nitamtekea maji kwa siri."

Masanja hakucheka. "Nilimnyima huyu moto kwa ajili ya yowe. Nikianza kuchagua, siku ukilia wewe atatoka nani?"

Akatangulia mbele yao.

Nilitazama vumbi lao.

Mara yowe likakatika, kama redio iliyozimwa.

Nikakimbia.

Wenye mapanga walikuwa wamejificha ndani ya matete. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuondoka.

Jilala alikuwa amekaa, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Aliniuliza kama kuna maji. Mto ulikuwa hatua tano kutoka alipokaa. Niliteka kwa viganja. Niliporudi hakuyahitaji tena.

Masanja alilala mbele ya wote. Walimkata masikio. Nilielewa walichotaka kusema.

Tulizika watu tisa. Ng'ombe wetu walianza kuporwa na kupandishwa mlimani alasiri ileile. Kufikia Jumapili hapakuwa na kwato hata moja zizini.

Siku ya kutia saini makubaliano ya wafugaji na wakulima ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2014, katika ofisi ya kata. Uani, kabla ya kuitwa, mwanamke wa upande wa wakulima alikuja kukaa karibu nami. Aliitwa Namonje. Mzee wa ghalani alikuwa mume wake.

"Aliyelia ni mimi," alisema.

Niligeuka nikamtazama.

"Walinituma nilie kwa uongo. Nilipofungua mdomo nikamkumbuka mzee wangu, nikalia kweli."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilimwona mumeo anakuja mbio. Dada, mimi sikudhani atakuja."

Tulikaa hivyo hadi tulipoitwa.

Afisa alinisogezea kidau cha wino. "Mama, weka dole gumba hapa."

"Nasoma kwanza," nilimwambia.

Nilisoma ukurasa wote. Waliandika "mgogoro", sisi tuliozika tunasema vita. Ghala lile la mahindi liliandikwa, na jina la Masanja kando yake. Sikuomba lifutwe, kwa maana ni kweli, nami simtetei kwa hilo. Kutoka kwake siku ile hakukuandikwa popote. Ndiyo maana nimeliandika mimi jambo hilo hapa.

Kifungu cha mwisho kilitupa njia ya ng'ombe, kuanzia maboma hadi mtoni, yote kama Masanja alivyoidai. Mimi sikuwa tena na ng'ombe hata mmoja wa kupitisha humo.

Niliomba kalamu. Nikaandika jina langu lote, na chini yake tarehe.