Bi Kola na Kiingereza cha Msimamizi

Pa! Rula ya msimamizi ilipiga meza ya kukatia vitambaa. Hata leo mlango ukibamizwa, mabega yangu hupanda yenyewe.

Baada ya rula kilifuata Kiingereza: "Cut it out! Knock it off! Behave yourself!" Wanawake arobaini tukazidi kuinamia cherehani. Maana yake hatukuijua, ukali tuliujua.

Aliyetaka kuijua ni jirani yangu wa kushoto. Tulimwita Bi Kola, maana alishona kola za mashati miaka kumi na tisa. Aliyaandika maneno yale kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, akampelekea binti wa dada yake anayesomea ualimu. Jumatatu alirudi amenuna.

"Mtoto kacheka mpaka kakaa chini," aliniambia. "Yote ni acha hizo, tulia, shika adabu. Eti ndivyo mtoto mtundu anavyokanywa!"

"Wee!"

"Kitinda mimba wangu ni rika la msimamizi, shoga. Ananikanya mimi?"

Akaanza kuyajaribia kwa mumewe. Mzee akikoroma mchana kwenye kiti, yeye: "Cut it out!"

"Kashtuka, kaniuliza kama nimepandishwa cheo," alisema, tukacheka kwa kubana midomo.

Wiki ile mikataba yetu ilikuwa inaisha, na msimamizi ndiye aliyechagua wa kubaki. Tulitulia kama maji mtungini. Bi Kola alihitaji kubaki kuliko wengi wetu. Mumewe alishaachishwa kazi.

Alhamisi, mpiga pasi wetu, mjamzito wa miezi saba, alicheka jambo lake. Msimamizi akamshika sikio, akalivuta.

"Behave yourself!"

Cherehani ya kushoto kwangu ikanyamaza. Bi Kola alisimama, akakung'uta nyuzi mapajani, akaenda taratibu mpaka mbele yake.

"Rudi ukae," alisema msimamizi, sikio bado mkononi. "Unataka mkataba, hutaki?"

"Nautaka sana."

Hakusogea. Nikaondoa mguu wangu kwenye pedali. Wa nyuma yangu naye akaondoa wake, kisha mwingine, mpaka chumba kizima kikawa kimya. Nilidhani Bi Kola atamrudishia kwa Kiingereza chake mwenyewe, maana alikuwa nacho chote kichwani. Hakukigusa. Alimtazama machoni, akasema kwa sauti ya chini, tuliyoisikia sisi wa karibu tu:

"Mwachie sikio, mwanangu. Koma."