Jumamosi ya Maji na Maharagwe

Nilipokuwa kidato cha pili, Kemia ilinitoa jasho. Muhula uliotangulia nilikuwa nimepata alama za aibu, na nikaapa kwamba likizo ile, nyumbani kwetu Kola, singeinua kichwa mpaka nijue kusawazisha milinganyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kitabu kikinishinda, aliye karibu nami hujuta.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimekaa nje na mama. Yeye alikuwa akichambua mahindi na maharagwe ya isyo, ule mchanganyiko unaochemshwa kwetu karibu kila siku, akitupa vijiwe na punje zilizooza. Mama aliishia darasa la saba, lakini vitabu vyangu alivipenda kuliko nilivyovipenda mimi. Alivivalisha magazeti, akavipangusa vumbi, na akishika kimoja alikishika kwa mikono miwili.

Aliniuliza namba hizo zinanisumbua kwa nini. Nikachukua punje kwenye sinia lake nikamwonyesha. Hidrojeni ni mahindi mawili yaliyoshikana, oksijeni ni maharagwe mawili, na maji ni mahindi mawili na haragwe moja. Kinachoingia lazima kilingane na kinachotoka. Basi upande huu maharagwe ni mawili, upande ule ni moja, na hapo ndipo nilipokwama.

Mama alisogeza kiti. Aliangalia kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali kimya. Kisha akachukua haragwe moja, akaliongeza kwenye maji.

"Sasa imetoshana," alisema, uso wote ukicheka.

Nilimwambia haiwezekani, hayo si maji tena, ni ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Hakukubali. Alisema isyo ikipungukiwa na maharagwe mtu huongeza, mwaka wa njaa hupunguza, na bado ni isyo. Maji yana maringo gani? Leo naona hilo ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, maana jibu lake ndilo Kemia yenyewe. Siku ile nilicheka, tena kwa sauti.

"Mwaitu, haya si ya jikoni," nikamwambia mama yangu. "Wewe hukusoma. Niache nisome."

Alirudisha punje zote kwenye sinia, moja moja, akaenda kuinjika sufuria. Hakununa. Jioni alinipakulia kama kawaida. Ila tangu siku hiyo hakuniuliza tena jambo lolote la kitabuni, nami sikutambua hilo mpaka miaka ilipopita.

Sasa nafundisha Kemia, shuleni Mumbuni. Kila mwaka yuko mwanafunzi anayeongeza oksijeni pale pale alipoiongeza mama. Simcheki. Navuta kiti, namweleza kwamba maji yenyewe hayaguswi: tunaandika maji mara mbili, kisha tunarudi kuongeza hidrojeni. Namweleza mara tatu, mara nne, kwa upole ambao walimu wenzangu husema nimejaliwa. Nikimaliza, roho inaniuma. Natamani mama awe kwenye kile kiti. Natamani aniulize chochote, hata cha kipuuzi.

Krismasi iliyopita nilimwomba radhi, nikidhani amesahau. Nikamwambia nataka tulimalize swali letu la maji. Alitabasamu, akasema macho yake siku hizi hayaoni vitu vidogo. Nikamsihi. Akaongea akiwa ameangalia mikono yake.

"Hata mimi niliacha shule juu mwalimu alinicheka mbele ya wengine," alisema. "Wewe nilikusamehe papo hapo, mwiitu wakwa, binti yangu. Ni kuuliza tu niliogopa."

Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani, nikauliza swali, mikono ikainuka chumba kizima. Mwanafunzi ninayemtaka yuko Kola, na mkono wake hauinuki.